Afande Kipindupindu Ameingia Masese

Jumatatu, 5 Januari 1998. Masese, Jinja

Mvua tena. Tangu Novemba haijui kwenda kwao. Uwanja wangu wa nyuma umekuwa bwawa, na katika bwawa hilo vinaelea vitu ambavyo koplo mstaafu wa magereza hapaswi kuvitaja, hata katika shajara yake mwenyewe.

Asubuhi alikuja bibi afya wa mji, Madamu Ritah, na buti zake za mpira. Kolera imefika kando ya ziwa. Kuna waliokwisha kuzikwa upande wa pili wa mwalo, pale mitumbwi inapopakulia samaki. Amri ni hii: kila mwenye vyumba vya kupangisha awe na choo ifikapo Jumamosi ya wiki ijayo. Asiye na choo, vyumba vyake vitatiwa kufuli na wapangaji wataondolewa. Mimi nina vyumba sita. Choo sina. Na vyumba hivyo ndivyo mali yangu yote duniani, ukiondoa mke wangu Racheal na kofia yangu ya kazi.

Niliwaita wapangaji wachimbe. Wakasema choo ni cha mwenye nyumba. Nikasema kinyesi ni cha mpangaji. Shifa, anayekaanga samaki nje ya chumba cha tatu, akauliza kama mimi na mke wangu huwa tunakwenda kujisaidia Kimaka kwa wakubwa wa jeshi. Wakacheka wote. Omollo, Mjaluo wa Kisumu anayekausha samaki, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ukuta ukamegeka!

Jirani yangu Hajji Sulait ana choo cha matofali chenye mlango wa bati. Alisimama mbele yake na tasbihi mkononi, akaniambia kwa upole kuwa mwezi huu wa Ramadhani ananiombea sana. Sipendi kabisa kuombewa na mtu mwenye choo.

Jumanne, 6 Januari

Nimepata mpango! Mpango safi!

Madamu Ritah anataka tangazo la usafi litolewe kwa lugha zote za mwalo. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Enos, ana kipaza sauti cha mkono tangu siku za kampeni. Kisoga atatangaza yeye. Kiswahili amenipa mimi. Angempa nani mwingine? Gerezani nilikuwa nikiita majina asubuhi na kuku wa bwana jela wanajipanga mstari. Sasa mpango wenyewe: nitatangaza kwa sauti ya paredi, wapangaji wangu wataingiwa na hofu, watachimba choo bila mimi kushika jembe.

Nimeshinda mchana kutwa nikiandaa hotuba. Madamu Ritah alikuwa akitueleza jambo refu kuhusu vyoo vya kando ya ziwa, lakini sikuweza kumsikiliza na kutunga kwa wakati mmoja.

Racheal anasema nitumie neno kolera kwa sababu ndilo wanalolijua watu. Nikamwambia kolera si neno. Kwa Kisoga na Kiganda kukolera ni kumfanyia mtu kazi. Ukitangaza kolera imefika, watakuja na vyeti vya shule kuomba ajira. Kiswahili kina jina lake, lenye heshima zake: kipindupindu. Racheal akasema hapa mtaani hakuna anayelijua. Nikasema watalijua.

Jumatano, 7 Januari

Wamelijua.

Saa tatu nilipanda juu ya kreti la samaki katikati ya mwalo. Nikavuta pumzi. Nikanguruma: "Tokeni nje wote! Kipindupindu ameingia Masese! Hana huruma! Hachagui mkubwa wala mdogo! Akikuta uchafu, anakamata!"

Najua vizuri kwamba inapaswa kuwa kimeingia na hakina. Nilijishusha kwa ajili yao. Watu wa hapa hawana subira na ki na vi.

Nilipomaliza kuvuta pumzi ya pili, Masese ilikuwa tupu. Waiswa, mpangaji wangu mvuvi, alijirusha ziwani na viatu vyake. Shifa aliacha karai motoni, akamwapua mtoto badala yake. Mzee Enos, mwenyekiti mzima, nilimkuta baadaye ndani ya mtumbwi amejifunika wavu. Ananilaumu sana. Anasema Kiswahili cha kipaza sauti kina historia yake hapa. Waliokuwapo miaka ile ya wanajeshi wanajua kwamba mtu akikuamrisha kwa Kiswahili utoke nje, humuulizi sababu, unapitia dirishani. Basi na mimi ni mtu wa serikali, nilikuwa upande wa ndani wa lango la gereza, ningejuaje?

Aliyebaki ni Omollo peke yake, akigeuza samaki wake. Akaniuliza kama nilikuwa na maana ya kolera. Nikasema ndiyo. Akasema basi ningesema kimeingia. Nikamwambia Mkenya hatanifundisha sarufi.

Jioni watu wakarudi mmoja mmoja, wakinyata. Shifa akaja mlangoni kwangu amejifunga leso vizuri, ameshika sangara mkubwa aliyekaangwa. Akapiga goti.

"Afande Yeko, tafadhali. Hii ya yule mkubwa. Mwambie mimi iko na mtoto mdogo."

Nikauliza mkubwa gani.

"Huyo Kipindupindu. Yeye ni meja ama kanali?"

Nilitaka kumweleza. Mungu ni shahidi, nilifungua kinywa kabisa. Lakini sangara yule alikuwa na mafuta mpaka mkiani. Nikasema ni kanali.

Ijumaa, 9 Januari

Masese imegeuka! Afande Kipindupindu haonekani, na hapo ndipo penye nguvu zake. Wengine wanasema amelala Kimaka. Wengine wamemwona kule Wanyange akishuka kwenye gari, mrefu, na miwani myeusi. Wavuvi wamempandisha cheo tayari, wanamwita Bligedia. Mimi ni katibu wake. Sikujiteua, nilikubali tu.

Kupitia kwangu Afande ametoa amri zote za Madamu Ritah. Mikono ioshwe. Maji yachemshwe. Msibani watu wasipeane mikono. Kila kiwanja kiwe na choo. Wanatii bila kunung'unika! Leo Madamu Ritah amepita akakuta dumu la kunawia karibu kila mlango. Alisimama amepigwa na butwaa. Akasema tangu aanze kazi hajaona mtaa ukihamasishwa hivi, na akauliza siri. Nikamwambia ni lugha fasaha.

Kuna kasoro moja ndogo. Viwanja vyote vinajenga, isipokuwa changu. Wapangaji wangu wanakaa mlango kwa mlango na katibu, kwa hiyo hawachimbi, wanaleta. Shifa analeta samaki ili Afande amsamehe kuchimba kwa kuwa analea peke yake. Waiswa ameleta kuku ili asamehewe kwa kuwa mgongo unamuuma. Nimewasamehe wote wawili. Ni vigumu kumnyima mtu msamaha huku kuku wake amekwisha kunyonyolewa.

Racheal hakula. Alisema hawezi kumeza hofu ya watu. Nikala na sehemu yake.

Jumamosi, 10 Januari

Omollo amekuja kuzungumza kiume. Alianza mbali sana, kwa hali ya hewa. Kisha akasema kule Kisumu mtoto wa shule ya msingi anajua kipindupindu ni nini, wamechorewa mpaka ukutani. Akasema mdomo wake wakati mwingine unamponyoka. Akasema pia chumba chake hakina dirisha, na mtu asiye na hewa huropoka.

Amehamia chumba cha mbele, chenye madirisha mawili. Racheal ameuliza kwa nini. Nimesema ni kwa ajili ya afya ya jamii.

Bado wiki moja. Sina wasiwasi. Nitawaambia Afande amebadili mawazo, kila mpangaji achimbe. Jumatatu nitawaambia. Waiswa ameahidi kuku mwingine Jumapili.

Jumatatu, 12 Januari

Balaa! Balaa lenye miguu miwili!

Nilipaswa kumchunga Hajji Sulait. Wapangaji wake mwenyewe walikuwa wakipita mlangoni kwake na samaki kuniletea mimi. Mtu amefunga, anasubiri magharibi, na harufu ya kuku wa jirani inaingia kwake tangu alasiri. Jana akapanda basi kwenda Mbale kwa wakweze. Nilidhani amekwenda kulalamika.

Leo mchana amerudi na jitu. Koti la kijeshi. Miwani myeusi. Fimbo kwapani. Hajji akapanda kreti lile lile la samaki, kreti langu, akatangaza kwa Kisoga kwamba kwa heshima ya mwezi mtukufu, Afande Kipindupindu amekubali kufikia nyumbani kwake.

Wanawake wakapiga vigelegele! Walikuwa wakimwogopa mtu asiyeonekana, na sasa kumbe ana tumbo na masikio kama mtu yeyote. Waiswa alishusha pumzi mpaka nikaisikia.

Jitu hilo nalijua! Ni Marjan, Mnubi wa Mbale, shemeji yake Sulait. Hajawahi kuamuru hata mbuzi. Alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya jeshi. Alikuja kwenye sherehe ya gereza letu mwaka themanini na tatu, akapiga wimbo wa taifa kwa mwendo wa harusi, na bwana jela akaanza kutikisa mabega.

Nilitaka kupiga kelele: huyu si Kipindupindu! Kisha nikaona swali litakalofuata. Kama huyu siye, Kipindupindu ni nani? Na samaki walikwenda wapi? Nikabana visigino, nikapiga saluti.

Marjan akanizunguka polepole. Kiswahili chake ni kitamu, hilo siwezi kumnyima. "Katibu," akasema, "nasikia kila siku unapokea chakula changu. Mbona mimi sinenepi?"

Mwalo mzima ukaniangalia tumbo.

Jumanne, 13 Januari

Samaki wote sasa wanakwenda kwa Sulait. Jua likizama wanafuturu huko kama harusini, na wanaita mpaka majirani wasiofunga. Mimi sikuitwa. Racheal aliitwa, akaenda! Anasema Marjan ni mtu wa mzaha na anawakumbusha watu kunawa kabla ya kula. Eti anawamwagia maji mwenyewe.

Asubuhi Afande wa bandia alikagua viwanja. Alipofika kwangu akauliza shimo liko wapi. Nikasema wapangaji walisamehewa. Akauliza nani aliwasamehe. Nikasema yeye. Akasema hakumbuki. Omollo akaanza kukohoa, na kikohozi hicho nakijua.

Basi akaamuru katibu achimbe mwenyewe, awe mfano. Mimi! Koplo! Nimesimamia watu wakichimba maisha yangu yote, lakini kusimamia ni taaluma tofauti. Waiswa alileta stuli ili atazame vizuri. Mgongo haukumuuma kukaa.

Nilifika kiunoni, maji yakaanza kupanda. Ziwa lile pale, maji yangekwenda wapi? Kufikia alasiri nilikuwa nimechimba kisima. Shifa aliuliza kama wataruhusiwa kuteka.

Sasa nimeambiwa kwamba hilo ndilo jambo refu alilotueleza Madamu Ritah siku ile. Kando ya ziwa huchimbi, unainua. Unajenga choo juu ya ardhi, kwa mbao na mapipa. Kila kiwanja kimejengwa hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikitangaza amri hiyo, na mimi peke yangu sikuisikia.

Jumatano, 14 Januari

Nimechimba shimo la pili, upande wa jikoni. Siwezi kuinua choo baada ya mtaa mzima kuniona nachimba. Mtu ana msimamo wake.

Maji tena. Nikatoka na kiu ya kufa, nikachota kwenye mtungi wa nje, nikanywa kata nzima. Racheal akapiga kelele kwamba hayo hayajachemshwa. Nikamwambia Kipindupindu hawezi kumkamata katibu wake. Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu.

Zimebaki siku mbili tu kabla ya kufuli.

Alhamisi, 15 Januari



Tangu asubuhi mlango wa Shifa ulikuwa umefungwa na karai halikuwa motoni. Racheal akagonga. Shifa akajibu kutoka ndani kwamba hakuna mtu. Racheal akausukuma mlango kwa bega.

Mtoto wake, Namwase, wa miaka minne, alikuwa chini ya kitanda. Alikuwa amefunikwa magunia ya samaki. Macho yamezama, midomo imekauka, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Tumbo lilimshika jana, na mama yake akamficha. Alimficha kwa sababu Kipindupindu anakamata wachafu. Si mimi niliyesema?

Shifa akatambaa mpaka miguuni kwangu. "Katibu, usimwambie. Mimi itamupa samaki yote, ya mwezi yote. Asichukue mtoto."

Nimefanya kazi gerezani, nimeona watu wazima wakilia, sijawahi kuona aibu namna ile. Nikamwambia hakuna Afande. Nikamwambia kipindupindu ni kolera, ni ugonjwa tu, ni jina langu la kujidai. Sijui kama alinisikia. Racheal alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Omollo akaangusha kikapu cha samaki kutoka kwenye baisikeli yake, akawapakia wote wawili, akakanyaga. Mimi na Shifa tukakimbia nyuma yao kwenye tope. Nilipoteza kiatu na sikurudi kukichukua.

Kwenye hema la wagonjwa muuguzi hakuuliza maneno mengi. Akapasua pakiti ya O.R.S., ule unga wa chumvi na sukari, akaukoroga kwenye maji na kumpa mtoto kijiko kwa kijiko. Baadaye wakamtundikia dripu. Tulikaa nje. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua, na safari hii sikuchagua maneno.

Adhuhuri Namwase akalia. Muuguzi akafurahi, akasema machozi yakitoka ujue maji yamerudi mwilini. Na mimi nikalia. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Shifa akaniuliza, taratibu, bila hasira yoyote: basi wale samaki wangu, nani alikula?

Nilitazama kamba za hema.

Ijumaa, 16 Januari

Tumbo. Nadhani ni kwa sababu ya jembe.

Tena.

Si jembe.

Choo cha Sulait kina kufuli. Nimebisha mlangoni kwake kumwomba ufunguo. Ufunguo anao Afande. Afande yuko msalani.

Racheal amemwita Omollo na baisikeli. Nimemwambia niko sawa. Nimemwambia nikiwa nimechuchumaa.

Jumatatu, 19 Januari. Hemani

Niko hai. Nimekunywa O.R.S. nyingi kuliko maziwa niliyonyonya kwa mama yangu. Nalala kitanda cha tatu kutoka kwa Namwase, ambaye jana alikaa, akala uji na kuniita babu. Nina miaka hamsini na miwili tu.

Omollo alikuja leo na habari, akiwa amezibeba kwa furaha isiyofaa kwa mgonjwa. Shifa aliporudi Alhamisi jioni kuchukua nguo, aliwaeleza watu wote Kipindupindu ni nini. Nyumba kwa nyumba, bila kipaza sauti. Nilidhani wangemfukuza Marjan kwa mawe. Hawakumfukuza! Walimuuliza kama ni kweli, akakubali, akavua koti, akasema lilikuwa linamchoma. Wakamwambia abaki, kwa sababu anabeba maji na anajua kuchekesha.

Ijumaa jioni, nilipokwisha kuletwa hapa, watu walimuuliza Racheal niko wapi. Racheal si mtu wa uongo. Alijibu kuwa nimekamatwa na Kipindupindu. Omollo anasema kicheko kile kilisikika mpaka kwenye reli. Waiswa alilala chini. Hajji Sulait, akiwa na funga yake, ilibidi aketi.

Halafu wakajenga. Wote! Waiswa alitoa mbao za mtumbwi wake wa zamani. Sulait alitoa mapipa na bati, hata kufuli lake akaling'oa. Marjan alitoa tarumbeta kwenye begi lake, akawapigia, wakafanya kazi mpaka wakamaliza. Jumamosi Madamu Ritah alipokuja, choo kilikuwa kimesimama uwanjani kwangu, kimeinuliwa, kina ngazi na dumu la kunawia. Hakufunga hata chumba kimoja. Vyumba vyangu vimesalimika!

Nilimwambia Omollo awashukuru kwa niaba yangu kwa kuitikia uongozi wangu. Akasema heri nisubiri kidogo. Choo kinaitwa Kwa Namwase, na mwenye ufunguo ni Shifa. Nikauliza kama mimi nitaruhusiwa. Akasema walilijadili. Shifa alisema nitaruhusiwa, ila kila nikitaka kuingia niende kumwomba mwenyewe, kwa Kisoga, kwa adabu.

Racheal ameshauri nikapumzike Mbale kwa dada yangu mpaka kicheko kiishe. Nikauliza kitaisha lini. Akasema nichukue nguo za kutosha.

Jumamosi, 24 Januari. Mbale

Nimekuwa mtu mpya. Nasema kweli.

Kolera imeanza kunusanusa na huku pia. Mwenyekiti wa mtaa wa dada yangu Nambozo amesikia kwamba amekuja mtu kutoka Jinja, mtaalamu wa uhamasishaji, tena aliyeugua akapona. Akaniomba niseme na watu kwenye chemchemi. Nambozo amekwisha kupewa habari zote na Racheal. Kabla sijatoka nyumbani aliniapisha kwa Biblia kwamba sitatamka Kiswahili, sitatumia neno la kujidai, na sitamleta mwanajeshi yeyote.

Nimetimiza! Nilisema kwa Kimasaba cha nyumbani, polepole, bila kipaza sauti. Nilisema kolera, kolera tu. Nawa mikono. Chemsha maji. Jenga choo. Usimfiche mgonjwa, hata kama unaogopa. Nilipofika hapo mama mmoja akanipa maji. Nikauliza kama yamechemshwa. Watu wakapiga makofi.

Mwisho nikawaeleza kilichoniponya, kutoka moyoni kabisa. Nikasema mimi leo ningekuwa kaburini, O.R.S. ndiye aliyenitoa. Nikasema O.R.S. haulizi dini wala kabila. Nikasema ukizidiwa usiende kwa mganga, kimbilia kwa O.R.S. mara moja, yuko zahanati, na hadai kitu. Nambozo alifuta machozi. Akasema hakujua kaka yake anaweza kusema kweli muda mrefu hivyo.

Watu walipotawanyika, bibi mmoja akanifuata mpaka uani kwa dada. Alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba kinachotoa moshi. Akapiga magoti. Akanishukuru kwa maneno mazuri. Akasema anawajua wakubwa wengi, D.C. wa zamani, O.C. wa polisi, R.D.C. anayetawala wilaya sasa, lakini huyu O.R.S. niliyemsifu ni mgeni kwake. Je, ni mkubwa kuliko R.D.C.? Serikali imempangia nyumba wapi? Na malewa anakula, maana amempikia kidogo?

Nilimwona Namwase chini ya magunia. Nilimwona Shifa miguuni kwangu. Nilijua hasa la kumwambia yule bibi, neno kwa neno.

Malewa! Machipukizi ya mianzi ya mlimani, yamekaushwa, yamepikwa kwa karanga iliyosagwa! Huko Jinja huyapati. Mtu ametoka hemani, amekonda, daktari mwenyewe amesema ale.

Nikamwambia R.D.C. akimwona O.R.S. husimama na kuvua kofia. Nikamwambia amefikia hapa hapa, kwa dada yangu, ila amelala. Na malewa anakula sana, hasa yakiwa na karanga nyingi.